Nukta ya Kumi na Saba

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau, na wala haijapita miaka mingi. Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza nimetoka kukamua. Mjukuu wangu Manka, binti wa mwanangu wa tatu Eliaichi, aliingia jikoni na kompyuta kwapani. Manka ndiye anayepima maziwa kwenye kituo chetu, pale barabara ya kutoka Himo inapopanda kwenda Marangu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona uso umejikunja kama jani la mgomba juani?"

Hakucheka. Maziwa yalikuwa yanafika yamechacha, na saa nane mchana kamati ya kituo ilikuwa inakaa kuamua kama kitongoji cha chini, nyumba kumi na mbili, tuzuiwe kupeleka maziwa kituoni. Nasema tuzuiwe kwa sababu na mimi naishi huko. Kwa wengi wetu ng'ombe ndiye anayesomesha watoto, na maziwa yakikosa pa kwenda, basi.

Akafungua kompyuta, akanionyesha mchoro wa nukta na mishale. Mimi shule yangu iliishia darasa la pili, lakini Manka anajua kueleza. Kila nukta ni nyumba moja. Za bluu ni kitongoji cha juu, nyekundu ni sisi. Mishale ni vipimo: huu wa mafuta, huu wa uzito, huu wa uchachu. Nukta ikikaa mbali upande unakoelekea mshale, nyumba hiyo ina kitu hicho kwa wingi. Nikaelewa. Ni kama kutazama vihamba, mashamba yetu ya migomba, kutoka juu ya kilima.

Kisha akabonyeza, na juu ya nukta yakatokea maduara mawili marefu kama mayai, kila moja na msalaba katikati. Nukta zenyewe akazificha.

"Nimeongeza tabaka la muhtasari, Bibi. Wanakamati hawawezi kusoma nukta ishirini na nne. Yai wanalielewa: linakusanya kitongoji kizima, na msalaba ni wastani wake."

Yai letu jekundu lilikuwa limevutika, kichwa kimelala kwenye mshale wa uchachu, na msalaba umelifuata.

"Kwa hiyo sisi wote tuna maziwa machachu?"

"Ndiyo wastani wenu."

Mwanangu, neno hilo lilinirudisha nyuma nikiwa mke mgeni, sijamaliza mwaka kwa mume wangu. Shemeji yangu Ndesario alikuwa anaoa, na mama mkwe, Mama Aikaruwa, alinituma nikusanye maziwa nyumba tisa za ukoo. Mimi, kwa kutaka sifa ya wepesi, kila kibuyu nilikimwaga kwenye chungu kimoja, naendelea. Jua lilipofika utosini, chungu chote kilikuwa kimeganda. Wakaniuliza ni ya nani yaliyoharibu. Nikajibu upesi, "Ya Mama Ndewingia," kwa sababu alishawahi kucheka mwendo wangu. Yule mama akaondoka harusini khanga imefunika uso.

Mama mkwe alinivuta nyuma ya zizi. "Ya kwake uliyanusa peke yake?"

Nikatikisa kichwa.

"Ukishamwaga pamoja, chungu hakina jina tena. Sasa unakipa jina la unayemchukia. Nusa kila kibuyu kabla hujamwaga, we msichana."

Akachuma jani la sale, lile tunalopanda mipakani, ambalo kwetu mwenye kosa akija nalo mkononi hafukuzwi. Akanipandisha nalo kwa Mama Ndewingia. Alilipokea, lakini hakunitazama usoni.

Basi nikamwambia Manka, "Liondoe hilo yai. Nirudishie nukta."

"Bibi, muda hakuna."

"Liondoe."

Akabonyeza. Nikasogea hadi pua ikakaribia kioo. Nukta nyekundu kumi na moja zilikuwa zimechanganyika na za bluu, huwezi kuzitenga kama mchele na mchele. Moja tu ilikuwa mbali, peke yake, kwenye ncha ya mshale wa uchachu. Ndiyo iliyokuwa imelivuta yai.

"Huyu nani?"

"Namba kumi na saba. Majina yako kwenye daftari."

"Soma, nami nitakuambia ng'ombe wa kila mmoja."

Akaanza. Kumi na tatu, Ndewingia, binti wa yule mama, sasa mzee kama mimi. Kumi na nne, Mama Elinami. Kumi na tano, Nuru. Kumi na sita, Mama Barikieli. Akafika kumi na saba, akafunga daftari.

"Soma."

"Bibi... ni wewe."

Nikatazama ukutani. Kibuyu nilichoachiwa na Mama Aikaruwa kilikuwa kinaning'inia, bado kimelowa. Mikono yangu haiwezi tena ndoo ya bati, nikawa nakamulia humo kisha nahamishia kwenye kopo la kituo. Kibuyu kilicholaza mtindi maisha yake yote! Nyani haoni kundule.

Manka akasema kwa sauti ndogo, "Naweza kuifuta hii nukta. Yai litarudi mahali pake, kitongoji kitapona, na hakuna atakayejua."

Sitakuficha, mwanangu. Nilitaka kukubali. Uzee ni heshima, na heshima ikimwagika haizoleki. Maji ya chai yakachemka, yakafurika, hakuna aliyeinuka.

"Usiifute," nikasema. "Ukiificha umedanganya, ukiimwaga na wengine umedanganya pia. Iache ionekane."

Saa nane Manka alionyesha mchoro mpya. Mayai yalikuwepo, lakini nukta zote zilionekana chini yake, na ndani ya kila yai akaongeza msalaba wa pili palipo na nyumba ya katikati, ule ambao mmoja aliye mbali hawezi kuuvuta. Mwenyekiti, Mzee Elifuraha, akanyoosha kidole. "Hiyo ya pembeni ya nani?"

Nikasimama. Jani la sale nililochuma njiani nikaliweka juu ya meza yao. "Yangu. Nakamulia kwenye kibuyu cha mtindi."

Kisha Ndewingia akakohoa kwenye kiti chake cha nyuma. "Mama alinisimulia chungu cha harusi. Leo angalau umenusa cha kwako." Watu wakacheka, na mimi nikacheka machozi yakinitoka. Kitongoji hakikuzuiwa. Nilizuiwa mimi, mpaka Manka aje asimame zizini akipime kile ninachokamulia.

Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Huku mlimani samaki si wetu, na methali hiyo imeonea wengi. Mwanangu, utafanya kazi ya kujumlisha watu, kwa kalamu au kwa mdomo tu. Chora duara lako, kwa kuwa bila duara macho yanapotea. Lakini usifunike nukta. Ukiona mmoja amekaa mbali, muulize jina kabla hujawahukumu jirani zake, wala usimfute kwa sababu unampenda.

Mungu akupe pua ya kunusa kibuyu chako kwanza. Akupe na miguu ya kusimama siku jina litakaposomwa likawa lako. Na jani utakalobeba mkononi, likapokelewe.