Chipu Niliyoiharakisha

Ugonjwa wa kideri ulimaliza kuku wote wa mama pale Gatitu kwa wiki moja. Kilichobaki ni mayai thelathini jikoni, ya mbegu aliyopewa na nyanya siku alipoolewa. Nikamwambia asihofu, nitamtengenezea mashine ya kuyaangua. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na mdomo ninao.

Nilitengeneza sanduku la mbao lenye balbu, na kompyuta ndogo ya kuiwasha na kuizima. Kiwango cha joto nilikihifadhi kwenye chipu ya kumbukumbu niliyoing'oa kwenye televisheni kuukuu, na kompyuta iliisoma kila dakika. Maelezo ya chipu yalikuwa wazi: ikipata volti tano, inaweza kusomwa kwa mwendo wa hadi biti laki nne kwa sekunde, lakini volti zikishuka, usizidishe laki moja. Niliyasoma. Nikaweka laki nne. Mezani, kwa volti tano, ilienda vizuri, nikajiona bingwa.

Siku ya kumi na nane stima ikapotea asubuhi, nami niko Nanyuki natengeneza friji ya hoteli. Balbu ikahamia betri ya gari niliyoiweka ya akiba, kompyuta ikahamia betri mbili za tochi. Volti tatu tu. Chipu ikashindwa na ule mwendo, ikatoa kiwango cha uongo, cha juu mno, na kompyuta ikaamini joto bado halijatosha. Balbu haikuzimwa tena. Mama alitoka shambani mchana akakuta sanduku halishikiki kwa joto.

Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kigoda, akipasua yai moja moja. Vifaranga ndani walikuwa wameshaota manyoya, wote wamekufa. Nilimweleza kila kitu, hata ile laki nne. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Sasa hiyo chipu ilikuwa inakimbia iende wapi?” akauliza. “Kifaranga iko na siku zake ishirini na moja.”

Kwa kusoma nambari moja kila dakika, hata ule mwendo wa polepole ulikuwa mwingi kupita kiasi. Nilitaka tu kuiona nambari kubwa. Ningebadilisha mstari mmoja na kuku wa nyanya wangekuwepo hadi leo. Inaniuma mpaka sasa.

Siku hizi mama anafuga kuku wa kununua. Wageni wakimuuliza wale wa zamani walienda wapi, anasema waliletewa shida na stima. Hata nikiwa hapo husema hivyo, ilhali anajua ni ile laki nne yangu.