Gitaa Langu na Koo la Mkwe Wangu

Hasira zangu ziko karibu, na hakuna aliyezijaribu kama mama mkwe wangu. Yeye alikuwa mwimbaji wa kikundi chetu cha taarabu pale Chake Chake, mimi nikipiga gitaa la umeme nyuma yake, na mwaka mzima hakuacha kulisema. "Gitaa lako kali, baba. Linanikata." Hulisema mbele ya watu, nami hunyamaza, maana mkwe hajibiwi. Nikifika nyumbani ndipo mke wangu anaponisikia.

Harusi ya binti yetu ilipokaribia, mama mkwe akakata shauri: ama gitaa lipoe, ama yeye haimbi. Mke wangu alilia. Siku nilipomwoa, mama yake ndiye aliyemwimbia, na binti yetu amekua akijua kwamba wimbo uleule unamngoja. Bibi asipoimba, watu watauliza kuna ugomvi gani. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikaanza kutafuta dawa ya gitaa.

Nilipunguza toni, likawa linaguna kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikatia nyuzi nene, vidole vikaniuma na ukali ukabaki palepale. Fundi wa redio wa Madungu, sahibu yangu wa siku nyingi, akanicheka. "Yakhe, unampaka mgonjwa poda, na homa iko ndani." Akanigusia pikapu, zile sumaku zilizoviringishiwa waya chini ya nyuzi, zinazoichukua sauti na kuipeleka kwenye spika. Zangu zilikuwa nyembamba, za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, na zilipiga kelele kwa juu tu. Tiba yake ni kuzing'oa na kutia nyingine.

Nikaagiza jozi mbili kutoka Dar, nichague moja. Ya kwanza ilikuwa nene, ya koili mbilimbili. Ilitaka tuchimbe mbao ya gitaa, kwa hiyo fundi aliishikilia kwanza kwa mkono juu ya nyuzi, nami nikapiga. Sauti ilikuwa nzito mno, nyuzi zote zikawa uji mmoja. Ya pili ilikuwa ya koili moja kama zangu, ila waya wake mwingi zaidi na sumaku yake hafifu. Iliingia katika matundu yaleyale. Fundi akailehemu, nikapiga, na nyuzi za juu zikatoka laini, zina joto, hazichomi tena. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya kiburi. Nilijiambia leo mama mkwe atakosa la kusema.

Baada ya laasiri nikaenda kwake na gitaa na spika ndogo. Tulikuwa sisi wawili tu ukumbini. Nikapiga, akaanza ule wimbo wa harusi, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Alipofika pale pa kupanda, sauti ikapasuka. Akasafisha koo, akarudia. Ikapasuka tena, na safari hii ikamkimbia kabisa.

Nilielewa hapohapo kwamba mwaka mzima zile nyuzi kali zilikuwa zikilia mahali palepale panapomshinda, nasi wote tukisikia gitaa, si koo lake. Niliinamia vidole vyangu, kwani kumkodolea macho mkwe katika hali ile ni kumvua nguo. Nikibakisha pikapu hizi, atafedheheka mbele ya mji mzima, siku ya mjukuu wake. Nikirudisha zile za zamani, alishasema haimbi. Sikuona njia nyingine isipokuwa moja, nikaitaja kwa sauti ya chini.

"Tuushushe wimbo kidogo, mama, uanzie chini?"

"Ukishusha, mpiga fidla wetu atauliza kwa nini. Akiuliza yeye, keshauliza kila mtu."

Nilitamani anigombeze kama kawaida yake. Alikaa akipindapinda ncha ya mtandio, hata nikadhani ataniambia niondoke.

"Nilikuwa nasikia kitu kinakatika," akasema. "Mie nikasema ni gitaa. Nikataka lipoe nijisikie mwenyewe. Haya, nimejisikia."

Hasira zangu zote za mwaka mzima ziliisha pale, nikamwonea huruma.

"Zirudishe zile kali, mwanangu," akasema. "Zinisitiri siku ile moja. Na mke wako asijue."

Fundi aliponiona nimerudi na gitaa, alidhani nimerukwa na akili. Sikumweleza. Akazilehemu zile za zamani huku akitikisa kichwa.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Binti yangu amekaa kwenye kiti chake cha maharusi, na macho yake yako kwa bibi yake. Nikajaribu nyuzi, ikatoka ile sauti yake kali. Mama mkwe akashika maikrofoni.

"Jamani, gitaa la mkwe wangu hili. Mwaka mzima namwambia alipoze, hasikii."

Wanawake wakacheka. Mke wangu, aliyejua nimeagiza pikapu mpya, akanikata jicho ambalo nililijua litanifuata mpaka nyumbani. Nikainuka kidogo kitini.

"Niwie radhi, mama. Limenishinda."

"Nishakusamehe," akasema, akanipa mgongo, akaanza kuimba. Alipokaribia pale pa kupanda, mkono wake ulishuka nyuma ya mgongo, ukanifanyia ishara ndogo ya vidole. Nikazipiga nyuzi kwa nguvu zangu zote.