Barua ya Mwenyekiti wa Mtaa

Mimi ni mtu wa kuwahi. Miaka yote niliyohudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa hapa Houston, sikuchelewa shifti hata moja. Kwa hiyo kibali changu cha ukaazi kilipobakiza miezi saba tu, nikaanza kuhangaikia kipya. Binti yangu, ninayekaa kwake Sugar Land, alinicheka. "Mama, miezi saba yote hiyo? Si upande tu ndege uende?" Nikamwambia aniache.

Kibali chenyewe ni cha kuishi Tanga. Ndiyo, Tanga, nilikozaliwa! Nilipoapa uraia wa Marekani niliupoteza wa kwetu, na mstaafu mgeni akitaka kukaa lazima aombe ruhusa. Rafiki yangu mmoja Mrundi wa mtaa wa Gulfton hapa Houston, tunayeimba naye kwaya, alipoiona ile karatasi alipiga makofi. "Yaani wewe kwenu unaruhusiwa kurudi, na bado uko hapa?" Yeye alikulia kambi ya wakimbizi, kwao anakusikia tu. Nilidhani ananichokoza.

Ukweli ni kwamba nilishakihuisha mara moja bila kukitumia. Kwanza alizaliwa mjukuu. Halafu goti likaniuma. Halafu mjukuu wa pili. Kila karatasi ikitoka nampigia mama yangu: "Mama, kibali kimetoka, nakuja." Naye, na uzee wake ule, anaanika godoro la chumba changu, anafua mapazia, anawatangazia majirani. Baadaye naahirisha. Anasema haya mwanangu, anafunga chumba.

Safari hii yule bwana anayenishughulikia makaratasi kule Tanga akasema inatakiwa barua ya serikali ya mtaa, mwenyekiti athibitishe kwamba naishi kwenye nyumba ya mama. Jambo dogo hilo. Kwetu kila mtu anajua barua ya mwenyekiti inavyopatikana: unakwenda, unasalimia, unaeleza shida yako, unagongewa muhuri. Nikamtuma mama. Miaka themanini na kitu, na mkongojo wake, kwenye jua la Tanga!

Kesho yake yule bwana akanitumia picha ya barua kwenye simu. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, Stafford. Nikaisoma, nikairudia. Muhuri upo, sahihi ipo, jina langu limeandikwa sawasawa. Chini yake: "Hakai hapa. Mama yake mzazi amethibitisha."

Nilitoka kwenye foleni nikampigia palepale kwenye maegesho, hata shikamoo sikumpa. "Mama, umenifanya nini jamani? Neno moja tu lilikuwa linatakiwa! Umeniharibia!"



"Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu, mwanangu," akasema. "Watu walewale niliowaambia unakuja. Akasema, bibi, huyu mwanao anakaa hapa? Nilitaka kusema ndiyo, Mungu ananiona. Nikaona wanavyoniangalia, wananionea huruma." Akakohoa kidogo. "Njoo ulale hata siku moja. Nitarudi kwake kwa miguu yangu mwenyewe nikamwambie upo."

Hapo ndipo ningesema nakuja. Kibali cha zamani kilikuwa bado hai, kina miezi tele. Nimestaafu, sina bosi, wajukuu wana mama yao. Na mimi, mpumbavu mimi, nikamjibu, "Ngoja kwanza nirekebishe karatasi."

"Haya," akasema.

Sikurekebisha kitu. Nilinuna wiki, nikanuna mwezi, nikijiambia ni yeye aliyeniangusha. Kibali kikaishia ndani ya droo pamoja na dawa zangu za goti. Naona aibu kuyaandika haya. Hakuna aliyenizuia, si serikali ya huku wala ya kule.

Nampigia kila Jumapili baada ya misa. Shikamoo mama, marahaba, goti linaendeleaje, watoto hawajambo. Chumba changu amempa mwalimu wa shule ya jirani, binti mwenye adabu, anamchotea na maji. Zamani tulikuwa hatuagani kabla hajaniuliza nakuja lini. Nilikuwa naliogopa swali lile, nikimaliza kulijibu natafuta sababu ya kukata simu. Siku hizi hata nikae hewani saa nzima, haniulizi.