Simu ya Mjomba na Viza ya Binti Yangu

Shule niliiacha darasa la tatu, na sijawahi kuililia. Kabichi, karoti na njegere za Mgeta ninazouza sokoni zimenijengea nyumba Mafiga, yenye bati zuri na chumba cha uani ambamo binti yangu anafanyia kazi. Kazi yenyewe nilichelewa kuielewa. Kuna kampuni ya ng'ambo inauza viatu kwenye mtandao. Mteja akiletewa kiatu kinachombana anaandika kwa hasira, na binti yangu, akiwa hapa hapa Mafiga, anamjibu na kumtuliza mpaka mteja mwenyewe anaomba radhi. Kwa hilo analipwa. Mimi wateja wangu wakinung'unika nawaambia waende meza ya pili.

Basi wakubwa wake wakataka kumfanya msimamizi wa wote wanaojibu malalamiko. Sharti lilikuwa moja: ahamie nchi fulani ya Ulaya, ambako saa zinalingana na za kampuni, na hutolewa viza kwa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta popote walipo. Asipofika kabla mwaka haujaisha, cheo anapewa mwingine. Nchi siitaji, wapo watoto wa watu bado wanasubiri majibu huko.

Akaomba viza. Wakamkataa. Jibu lilikuwa fupi kama la mtu mwenye njaa: kazi yake haikuthibitika. Akakaa kitandani, kompyuta imefungwa, macho yamevimba. Nikamwambia ukweli, kwamba kilio hakijawahi kuuza hata fungu la mchicha. Lakini moyoni niliumia kuliko yeye.

Kilichotokea tulikuja kukijua siku kaka yangu mkubwa aliposhuka kutoka mlimani kuniletea maharage. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wake ni mjomba. Ndiyo maana binti yangu, alipotakiwa kwenye fomu ya viza kutaja ndugu wa kupigiwa simu, aliandika namba ya mjomba wake. Hata mimi nilimwona ana adabu. Kaka akanywa chai, akashiba, akaanza kujisifu jinsi alivyomshinda tapeli. Kuna mtu alimpigia, sauti laini, anauliza kama mpwa wake ana ajira na kama mshahara unatoka nje. Kaka akajua huyo anatafuta pa kuibia. Akamjibu kwamba binti hana kazi yoyote, yupo nyumbani tu anashikashika kompyuta, na kama anataka hela za watu apande mlimani alime.

"Akawa kimya kabisa," kaka akasema, anatabasamu. "Nikamkatia."

Binti yangu akaweka kikombe chini. Nilidhani atalia tena. Akaanza kucheka, kicheko cha kutoa machozi, nami nikamfuata, na kaka akabaki anatutazama kama wagonjwa.

Tulipomweleza alinyong'onyea. Binti akakata rufaa, mwajiri wake naye akaandika kuthibitisha. Watu wa viza wakajibu kwamba watapiga simu tena, kwa ndugu yule yule au mwingine, achague. Binti akafikiria namba yangu. Kaka aliposikia hivyo akavua kofia, akaiweka gotini, akauliza kama yeye ameshakufa. Kumwondoa mjomba aliye hai kwenye shauri la mpwa wake ni kumtangaza kwamba hafai, na habari ingefika mlimani kabla yake. Nilimwachia binti aamue. Cheo kilikuwa cha binti yangu na hatari ilikuwa yake, si yangu. Binti akaitazama ile kofia gotini.

"Mjomba ndiye atakayesema," akasema.

Nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa mkono ule ule.

Huko kwa kaka mtandao unapatikana kwenye kilima cha kanisa tu, na ile simu ya kwanza ilimkuta pale kwa bahati, kwa hiyo akahamia kwangu kusubiri. Tukamfundisha maneno ya kusema: jina la kampuni, aina ya kazi, ameanza lini. Akayashika vizuri mno. Akawa anamwambia kila anayepiga. Muuza mbegu alipiga, akasimuliwa habari za viatu. Tapeli wa kweli alipiga, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii," akasomewa ajira ya mpwa mwanzo mpaka mwisho, akakata mwenyewe. Nyumba yangu haijawahi kuwa na vicheko kama siku zile. Binti yangu akitoka chumbani kuja kula alikuwa anamwamkia, "Shikamoo mjomba. Nina kazi?" Naye bila kuinua macho kwenye sahani, "Marahaba. Unayo, tena ya kudumu."

Simu yenyewe ilipokuja kaka alikuwa bafuni, amejaa sabuni. Nikaona namba ngeni, ndefu, nikakimbia nayo uani huku kanga inanidondoka. Nikaweka sauti kubwa, nikainyanyua juu ya mlango wa bati. Alikuwa mwanamke, Kiswahili chake safi. Akaamkia. Kaka akaitikia, kisha badala ya kusubiri swali akamuuliza yeye kwao ni wapi. Nikauma kanga. Mwanamke akasema kwao Tanga. Kaka akaridhika. Ndipo akaulizwa kama mpwa wake anafanya kazi, nami nikasubiri yale tuliyomfundisha. Nadhani yalikwenda na maji.

"Mwanangu, huyu mtoto ana kazi mpaka inaudhi," kaka akasema. "Tumemzika mama yangu mdogo, bibi yake huyu, hakupanda mlimani, ati yuko zamu. Niligombana naye. Sasa niambie wewe mtu wa Tanga, asiye na kazi anakosaje mazishi ya bibi yake?"

Kisha yule mwanamke akauliza, kwa heshima, mbona mara ya kwanza alisema hana.

"Mara ya kwanza hamkuniambia kwenu wapi. Mtoto wa dada yangu simtoi kwa sauti nisiyoijua."

Mwanamke akacheka, tukamsikia sote. Akashukuru, akaaga. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mdomoni. Hakuna aliyethubutu kusema imekwenda vizuri. Kaka akaomba maji zaidi, sabuni ilikuwa imemkaukia.

Jibu lilinikuta sokoni. Binti akapiga, akasema, "Mama, wamekubali," halafu hakuweza kuendelea. Nilikaa juu ya gunia la njegere nikacheka, nikashindwa kuacha, mbavu zinauma, machozi yananitoka. Mzee wa Kihindi mwenye duka la viungo nyuma yangu, tunajuana tangu baba yake yu hai, akaja na kikombe cha maji akauliza taratibu nani amefariki. Nikamwambia hajafa mtu, binti yangu ni msimamizi na anakwenda Ulaya na viza yake halali. Akanishika mkono, akamwita mkewe aje asikie, nikasimulia upya tangu mwanzo. Wateja wakawa wanajipimia wenyewe. Waliojaza walijaza, sikuwaangalia.

Nilirudi Mafiga kwa miguu, nikimsimamisha kila niliyekutana naye, hata nisiyemjua, kumwambia mtoto wangu kapata. Kijana mmoja wa bodaboda akanipa hongera, akasema, "Panda mama, nikupeleke bure." Nikamkatalia. Kwa pikipiki ningefika haraka, na njiani bado kulikuwa na watu ambao hawajasikia.