Kimya cha Dakika Sabini na Nne

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, na usiogope habari za mitambo. Jambo hili nimewaeleza watu wengi, wakiwemo wasiojua kutafuta stesheni kwenye redio, na wote walielewa. Wewe pia utaelewa.

Katika miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti pale Voi, upande wa stesheni ya reli. Mtu aliniletea kaseti tupu na orodha ya nyimbo anazozitaka, nami nikamjazia. Kisha kaka yangu, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya kitalii huko Tsavo, akapewa na mgeni kifaa ambacho hakukijua. Alidhani ni mashine ya kupima presha. Akaniletea ili nimpime mama.

Kilikuwa kinasa sauti cha minidiski. Pengine hujapata kuiona, kwa hiyo nitakuchorea. Ni diski ndogo inayong'aa, imefungiwa ndani ya ganda la plastiki, na inaenea kiganjani. Unaitia ndani ya kinasa, unafunga kifuniko, unabonyeza. Tofauti na kaseti, haina ule mvumo wa chinichini kama mafuta ya kukaanga. Tena ukikosea unaweza kukata kipande na kukitupa, na nyimbo zinaungana kana kwamba hakuna aliyekohoa. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani, kwa hiyo nilijifunza kwa kubonyeza kila kitu mpaka kifaa kikachoka.

Siku moja akaja kibandani mwimbishaji wa kwaya ya akina mama wa Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, na shingoni alikuwa na rovu kubwa lililofunikwa kwa kitambaa cha maua. Alikaa, akakataa soda, akasema:

"Mwanangu, Jumamosi jioni nalazwa hapa hospitalini. Jumapili wananipasua hii kitu. Daktari ameniambia ukweli: nitapona, lakini sauti inaweza kubadilika. Nyimbo zetu tisa nimezitunga mimi, na zote ziko hapa." Akagusa kitambaa. "Sasa nataka uzitoe kabla yake."

Nikamwambia, "Nitazitoa, Mama." Nilisema hivyo kwa urahisi kabisa, kama mtu anayeahidi kuleta chumvi.

Jumamosi asubuhi nikafika Rukanga na kinasa changu, maikrofoni moja, na minidiski ambayo usiku uliotangulia nilikuwa nimeifuta ili iwe safi. Betri zangu ndogo zikafa kabla sijasalimia watu wote. Dukani zilikuwepo za tochi tu, zile nene. Lakini fundi wa redio wa Voi alikuwa amenitengenezea waya wa kuchukulia umeme kwenye betri ya gari, na betri ya gari ilikuwepo moja, mali ya mstaafu wa reli aliyekaa mkabala na kanisa.

Mzee huyu alikuwa amerudi nyumbani na saa ya mnyororo na tabia ya kutochelewa. Kila siku saa saba mchana aliunganisha redio yake na betri ile, na majirani walikuja kusikiliza taarifa ya habari. Alitukubalia kwa masharti.

"Mpaka saa saba," alisema.

"Tutamaliza kabla, Mzee."

"Sikuuliza mtamaliza lini. Nimesema mpaka saa saba."

Maikrofoni niliifunga kwenye mchi wa kutwangia, mchi nikausimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Papo hapo kukazuka ugomvi, maana kila mama wa sauti ya kwanza alitaka kusimama karibu na mchi.

"Wewe ulisimama mbele kwenye harusi!"

"Na nikapendeza. Kwani ni kosa?"

Jogoo akawika. Mama mmoja akaomba asalimie kwanza "wasikilizaji wote popote walipo," akawasalimia mmoja mmoja, hadi shemeji yake aliyekuwa amesimama hapo hapo ameshika kifuniko cha sufuria. Mimi nikawatuliza. "Msijali," nikasema, "hayo yote nitayakata Voi." Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kurekodi mara moja tu, kabla ya ugomvi, nikakiacha kifaa kiende bila kusimama. Kila jogoo alipowika, nilisema, "Nitamkata Voi." Akina mama wakaanza kumwangalia jogoo kwa huruma.

Kisha mwimbishaji akafungua kinywa, na sote tukaacha mzaha. Sitajaribu kukueleza sauti ile. Nitasema tu kwamba jogoo alinyamaza.

Wimbo wa tisa ukaisha. Akina mama wakasema "Amina." Na kabla kidole changu hakijafika kwenye kitufe cha kusimamisha, kioo cha kinasa kikazima.

Nikageuka. Mstaafu alikuwa ameshika waya.

"Saa saba na dakika moja," akasema. "Nimewangojea. Tangu nistaafu sijakosa mwanzo wa habari hata siku moja. Leo nimeukosa kwa ajili yenu."

"Mzee, umechomoa!"

"Nimechomoa wimbo ukiwa umeisha. Unafikiri sina adabu? Nimehakikisha abiria wote wamepanda ndipo nikaondoa treni."

Kwa kweli sikuhangaika. Wimbo ulikuwa umeisha, kama alivyosema. Nilijua kwamba ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, kioo huandika neno fulani likawa linapepesa kwa muda, kisha likatoweka. Nilidhani ni kifaa kinaaga. Tukala wali kwa kuku (si yule jogoo, yeye alikuwa ameshapata jina), na saa saba na nusu mimi, mwimbishaji na dada yake tukapanda pikapu ya mwenye duka aliyekuwa akienda Voi.

Tulifika saa tisa. Mama alitakiwa hospitalini kabla ya saa kumi na moja. Alitaka ajisikie kwanza. Nikatia betri mpya, nikamvalisha vipokea sauti masikioni, nikabonyeza. Kioo kikaandika maneno mawili ya Kiingereza: diski tupu.

"Sisikii," akasema Mama.

Nikabonyeza tena. Diski tupu.

"Labda ni haya masikio yangu. Dada, hebu vaa wewe."

Dada akavaa. "Nasikia bahari," akasema, akijaribu kunisaidia.

Ikabidi niwaambie. Mama hakulia wala hakunilaumu. Alivuta pumzi akajaribu kuimba wimbo wa kwanza pale pale, lakini vumbi la njiani na nyimbo tisa vilikuwa vimemkausha; ulitoka mkwaruzo tu. Akanywa maji, akajaribu tena. "Hata ningeweza," akasema, "hizi ni za kuitikiana. Nitaitikiwa na nani, na hii meza?" Kisha akakunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Nilikaa nikajiuliza swali moja. Kufuta kaseti ya saa nzima kunachukua saa nzima. Lakini ile minidiski, ambayo ilikuwa imejaa, usiku uliopita niliifuta kwa sekunde mbili. Kulikuwa na zaidi ya saa moja ya muziki mle. Ulikwenda wapi kwa sekunde mbili?

Haukwenda popote! Ifikirie diski kama shule. Wanafunzi wamekaa darasani, na mlangoni kuna daftari la majina. Kifaa ni mwalimu mvivu: haingii darasani, anasoma daftari tu. Ukifuta, unararua ukurasa wa majina, lakini wanafunzi bado wamekaa. Na unaporekodi, majina yanaandikwa mwisho kabisa, baada ya kubonyeza kusimamisha, wakati lile neno linapepesa. Mzee wetu alipochomoa waya, akina mama wote walikuwa darasani tayari. Kilichokosekana ni daftari.

Basi nifanyeje? Nilete daftari la shule nyingine.

Nilikuwa na minidiski nyingine, mpya. Nikichukua hiyo nikarekodi kitu chochote mpaka ijae, daftari lake litasema, "Humu mna wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho." Kisha nimfanye mwalimu asome daftari hilo, nibadilishe diski bila yeye kujua, na kumwamuru aandike alichosoma. Nikawaeleza Mama na dada yake. Mama akauliza:

"Utarekodi nini?"

"Kimya."

"Kimya cha nani?"

"Cha mtu yeyote, Mama. Diski inachukua dakika sabini na nne."

Nikachomoa maikrofoni, nikabonyeza. Niliwaambia wazi kabisa kwamba hakuna maikrofoni, waongee watakavyo, waimbe, wapige chafya. Hakuna aliyeniamini. Dada akaziba mdomo kwa leso. Mteja akaja kuchukua kaseti yake, dada akamwonyesha kidole mdomoni, na yule kijana mzima akavua viatu. Jirani yangu muuza vitambaa, mzee wa asili ya pwani, akachungulia.

"Kulikoni humu? Mna maiti?" akanong'ona.

"Tunarekodi kimya, Mzee," nikajibu kwa sauti ya kawaida. Wote wakanikazia macho.

"Subhanallah," akanong'ona. "Nacho kimekuwa bidhaa?" Lakini akaingia, akakaa, na akashika shanga za tasbihi yake zisigongane. Mwishowe tulikuwa watu saba. Chafya moja ilitutisha kama bunduki. Gari-moshi la mizigo lilipopiga honi kule stesheni, Mama alinitazama kwa macho yanayouliza kama na lile nitalikata.

Saa kumi na nusu kasoro dakika chache diski ikajaa. Nikabonyeza kusimamisha, na safari hii nililiangalia lile neno likipepesa kama mtu anayeangalia maziwa jikoni, mpaka likatoweka lenyewe.

Kwenye kinasa, chini ya kifuniko, kuna kitufe kidogo kama kile cha mlango wa friji kinachozima taa. Kikibonyezwa, kifaa kinajua kifuniko kimefungwa. Nikakibana kwa njiti ya kiberiti, ili kifuniko kikiwa wazi kifaa kiendelee kuamini kimefungwa. Nikaitia diski ya kimya. Kifaa kikasoma daftari. Nikaitoa taratibu, nikaitia ya Rukanga. Kifaa hakikushtuka. Nikakiamuru kigawe ule wimbo mmoja kuwa miwili, ili kiwe na jambo la kuandika, nikabonyeza kusimamisha. Neno likapepesa.

"Usiguse," akanong'ona muuza vitambaa, ambaye kufikia hapo alikuwa fundi kunishinda.

Neno likatoweka. Nikachomoa vipokea sauti, nikaunganisha spika, nikabonyeza.

"Wewe ulisimama mbele kwenye harusi!"

"Na nikapendeza. Kwani ni kosa?"

Dada akapiga kigelegele. Kisha jogoo, kisha salamu kwa shemeji, na kisha sauti ya Mama ikajaa kibandani. Uso wake ukabadilika. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, mkono kwenye rovu, kama anayelisikiliza kutoka ndani. Nilitaka kumruka jogoo, akanizuia mkono. Muda haukutosha nyimbo zote, kwa hiyo nikapeleka mbele hadi wa tisa, tuhakikishe na mwisho upo. Ulikuwepo. "Amina," wakasema akina mama.

Na baada ya amina, kwa kuwa daftari la kimya lilikuwa refu kuliko kwaya, diski ikaendelea. Wale wanafunzi wa zamani niliodhani nimewafukuza wakasimama darasani. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, nikiimba wimbo wa mapenzi bafuni, nikijipigia ngoma kwenye karai.

Nikaruka kuzima. Mama akanishika mkono mara ya pili.

"Acha," akasema. "Huyu naye anaitikia nani?"

Alicheka mpaka dada yake akamshika bega, na alicheka njia nzima hadi hospitalini.

Upasuaji ulikwenda salama. Na sauti ilibadilika, kama daktari alivyosema: ilirudi nzito, yenye mkwaruzo, ikikaa chini sana. Aliporejea kwenye kwaya, alikwenda kusimama na wanaume wawili wa sauti ya nne waliokuwa wakisaidia, na tangu siku hiyo hawakuchelewa mazoezini. Nyimbo zake tisa zilifundishwa kwa kaseti nilizonakili kutoka minidiski ile, waya mmoja kutoka kinasa hadi redio kaseti, moja baada ya nyingine, kila moja kwa muda wake kamili. Nilijitolea kuzisafisha. Akina mama walikataa. Walitaka ugomvi, jogoo, salamu na karai. Hadi leo kuna nyumba chini ya Kasigau ambako baada ya amina mimi huoga.

Mstaafu naye nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akasema, "Kwa hiyo treni iliondoka na abiria, lakini bila tikiti." Sijawahi kueleza vizuri kiasi hicho. Kuanzia hapo hakuchomoa waya wowote, hata wa redio yake, kabla hajauliza kwa sauti, "Imemaliza kuandika?"

Nawe fanya hivyo hivyo kwa kifaa chochote kinachohifadhi sauti ya mtu. Ukimaliza kurekodi, bonyeza kitufe cha kusimamisha, ondoa mkono, subiri mpaka kioo kitulie, hesabu hadi kumi, ndipo uchomoe waya.