Mzee Honi na Gemu Lililofutwa
Aliendesha malori ya mizigo miaka thelathini na moja. Alipostaafu alibaki na mgongo mbovu, jina la Mzee Honi, na sauti nzito ambayo mkewe alisema ingetosha kufukuza wezi mitaa miwili. Kumbe ilikuwa na wateja. Vijana sita wenye studio ndogo, ghorofani juu ya duka la vioo, walikuwa wanatengeneza gemu la kuendesha malori milimani. Wakamtafuta dereva wa kweli awakosoe.

Akawakosoa hasa.

"Hili lori lenu limebeba nini, pamba?" aliuliza siku ya kwanza, macho kwenye skrini.

"Tani ishirini, Mzee," akajibu binti mwenye miwani, ambaye ndiye aliyechora barabara yote ya mlima ule.

"Tani ishirini hazipigi kelele hivyo zikishuka. Gari lenye mzigo linanguruma chini chini, kama mtu aliyekasirishwa mbele ya wageni."

Basi wakakodi lori, wakalijaza mchanga, wakarekodi mngurumo wake siku tatu. Wakamrekodi na yeye pia, maana ndiye angekuwa mwalimu anayeketi kando ya mchezaji na kumfokea. Kwa miaka miwili alikwenda studio kila Jumanne, shati limepigwa pasi. Habari akazitangaza kwa kinyozi, kwa wakwe, hata kwa daktari wa mgongo. Gemu lingetoka mwezi wa sita. Likasogezwa hadi wa kumi na moja. Kisha hadi mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata.

"Shemeji, hilo lori lako limepata pancha?" mdogo wa mkewe alimuuliza siku moja wakiwa mezani.

"Linakuja."

"Linakuja kwa rivasi?"

Meza nzima ikacheka. Yeye akaendelea kula.

Zilibaki wiki tatu gemu litoke. Asubuhi moja binti yake muuguzi akampigia simu akiwa kazini.

"Baba, umeona? Wamelifuta gemu. Kampuni ya wasambazaji, wale wanaowalipa vijana wako, imetoa tangazo."

"Soma."

"'Baada ya kutafakari kwa kina mwelekeo wetu mpya, tumeamua kutoendelea na mradi huu. Tunawashukuru nyote kwa shauku yenu.'"

"Sababu iko wapi sasa?"

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Hiyo si sababu! Hayo ni maneno yamepanga foleni tu!"

Akavaa shati lenye makunyanzi, akaenda studio. Vijana nao walikuwa wamelisoma tangazo mtandaoni kama yeye; hakuna aliyewapigia simu. Binti mwenye miwani alikuwa anakunja nyaya na kuzitia kwenye boksi.

"Basi nipeni hata rekodi zangu, nikamsikilizishe mama watoto."

"Haziruhusiwi kutoka, Mzee. Kwa mkataba, kila kitu ni mali yao."

"Hata kikohozi?" Maana kuna mahali alikohoa, wakakipenda, wakakiacha.

"Hata kikohozi."

Akapiga simu makao makuu ya wasambazaji. Mashine ikamwambia abonyeze moja, kisha nne, kisha asubiri. Akasubiri dakika arobaini akipigiwa kinanda. Hatimaye akatokea kijana mpole kupita kiasi, akamuuliza anatumia toleo lipi.

"Mimi si mteja! Mimi nimo ndani ya gemu!"

"Pole kwa usumbufu, mzee wangu. Umejaribu kuzima na kuwasha?"

Akakata simu. Mara ukaingia ujumbe ukimwomba aipe huduma ile nyota. Mkewe aliwahi kumpokonya simu kabla haijapita dirishani.

Wiki nzima hakusemezeka. Aliisonya redio, akausonya mlango, akazisonya soksi. Siku ya nane binti mwenye miwani akaja nyumbani kumletea chupa ya chai aliyoisahau studio. Alikuwa amekuja kwa miguu, jasho linamtiririka.

"Huna gari?"

"Sijui kuendesha, Mzee."

"Umechora kilomita mia mbili, na kila kona na kila shimo, hujui kuendesha?"

"Sijawahi kushika usukani," akasema, akitazama viatu vyake.

Mzee Honi alishusha pumzi ndefu, akachukua ufunguo wa kigari cha mkewe. "Twende."

Walikwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maghala. Gari lilizimika mara kumi na moja. "Achia klachi taratibu! Hiyo si swichi ya taa!" alifoka, na kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile akahisi kifua kimelegea. Walirudi kesho yake, na siku nyingi baadaye.

Binti alipata leseni kwa jaribio la pili. Gemu halikutoka, na barua mbili za Mzee Honi kwa wasambazaji hazikujibiwa. Ya tatu binti ndiye aliyemwandikia, kwa lugha ya kiofisi. Yeye akaongeza neno moja kwa kalamu chini ya sahihi, na mkewe akasema barua yenye tusi kama hilo haitoki nyumbani kwake.

Ilitoka. Aliipeleka posta mwenyewe.