Mwamba Nilioutangaza Kanisani

"Huyo? Atarudi kubeba karai kabla muhula wa kwanza haujaisha." Maneno hayo aliyasema baba mdogo mbele ya duka la vifaa vya ujenzi pale kwetu Kwa Vonza, Kitui, akijua vizuri kwamba nasikia. Mwalimu wangu wa zamani wa hisabati alisema kwa upole zaidi kwamba kichwa kilichokaa miaka minane bila kitabu ni kama panga lililoachwa nje wakati wa mvua. Shemeji yangu naye aliwauliza wenzake kama nitanunua kaptura niende kukaa na watoto.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimerudi kutoka Ghuba, ambako kwa miaka minne nilifunga nondo kwenye majengo marefu, mchana wa jua ambalo hata sisi wa Ukambani hatulijui. Nyumba ya mama niliipaua mimi. Karo ya chuo nililipa mimi, muhula kwa muhula, na stashahada yangu ya uhandisi wa ujenzi leo imetundikwa ofisini mahali ambapo mteja hawezi kuketi bila kuiona. Wanaosema najisifu hawajakosea. Nimetoka mbali, na hakuna aliyenisukuma.

Lakini iko wiki moja katika masomo yale ambayo sijawahi kuisimulia kwa majivuno.

Atachimenti yangu ya mwisho, yaani mafunzo ya kazini, niliifanya upande wa Makueni, si mbali na Matiliku, kwenye mto wa msimu ambao kwa miezi mingi huwa ni mchanga mtupu. Wanawake wa pale walikuwa wanajenga ukuta wa zege wa kuukatiza mto. Mafuriko yakija huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki yamefichwa humo ndani hadi kiangazi. Sharti ni moja. Ukuta lazima ukae juu ya mwamba. Ukikaa juu ya mchanga, maji hupita chini, hula mchanga kidogo kidogo, na siku ya mafuriko makubwa ukuta huondoka pamoja na yeyote aliye chini yake. Na chini ya pale ndipo watoto walipokuwa wakifulia sare zao za shule.

Injinia aliyesimamia kazi alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye miradi mitatu kwa wakati mmoja. Alinikabidhi chuma kirefu chenye alama na nyundo nzito.

"Wewe ndiye utakayeutafuta mwamba," alisema. "Piga kila hatua moja kutoka ukingo mpaka ukingo. Ukimaliza, andika. Huo pia uwe utafiti wako wa chuo."

Nilifurahi kupita kiasi. Utafiti wangu mwenyewe! Wenzangu wengine walikuwa wanapika chai kwenye ofisi za kaunti.

Siku ya kupima, wanawake walikuja kutazama. Wanafanya kazi kwa mwethya, yaani leo wote wako kwako, kesho wote wako kwangu, na siku uliyopewa ni deni mpaka uirudishe. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mrefu, mjane, ambaye kila mtu alimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, hata waliomzidi umri. Yeye aliniita Mwana wa Kitui tangu siku ya kwanza.

"Mwana wa Kitui, hicho chuma ni cha kupimia au cha kutembelea?"

"Cha kupimia, mwaitu. Ngoja usikie."

Nilipiga. Kilishuka, kikashuka, kisha kikagonga kitu na kulia kama kengele. Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa kweli sauti ile ilinilewesha. Nikasogea, si hatua moja bali tano, nikapiga tena. Kikalia. Vigelegele. Tano tena. Karibu na kila ukingo nako kikalia, karibu kina kilekile. Nikaunganisha alama zangu kwenye karatasi kwa mstari ulionyooka, mzuri ajabu, na chini yake nikaandika: Mwamba imara, umeendelea bila kukatika.

Jumapili wakaniita mbele ya kanisa nitoe ushuhuda. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Bwana asifiwe. Tumepata mwamba." Mchungaji akaacha mahubiri aliyokuwa ameandaa, akahubiri kuhusu mtu mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Kwaya ikaimba mara mbili. Nilirudi kwenye benchi nikiwa nimevimba kama andazi.

Mtaro ulichimbwa kwa majuma mawili. Mwamba wangu ukatokea katikati ya mto, mweusi, mpana, umelala vizuri kabisa. Tuliuosha kwa mifagio. Injinia akaukanyaga, akatikisa kichwa kukubali, akasema zege litamwagwa Alhamisi. Simiti ikaletwa na kuwekwa stoo ya kanisa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki, na wanawake walikuwa mbioni kupanda kwenye udongo mkavu kabla mvua haijanyesha, kama ilivyo desturi yetu.

Jumanne asubuhi nilifika mtaroni peke yangu. Upande wa juu wa mwamba kulikuwa na kishimo kilichojaa maji, na upande wa chini kingine. Kati yao, mwamba wangu. Nilihitaji maji ya kuosha vifaa, nikachota kile cha chini. Ndoo ya kumi au ya kumi na moja hivi, niligeuka na kuona kwamba maji ya kile kishimo cha juu yameshuka kiasi cha kiganja.

Nilisimama. Nikachota tena, sasa kwa haraka, macho yakiwa juu. Yakashuka tena.

Hakuna aliyekuwa ameyagusa. Kando kote kulikuwa na udongo wa mfinyanzi usiopitisha kitu. Njia ilikuwa moja tu. Maji yalikuwa yanapita chini ya mwamba wangu. Na kama yanapita chini yake, basi chini yake kuna mchanga, na kile nilichokitangaza kanisani ni bamba la jiwe tu, lililolala juu ya mchanga kama sahani juu ya uji.

Nikakaa kwenye matope.

Siku ile nzima sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba labda ni ufa mdogo. Nikaenda nikagonga bamba kwa mtaimbo. Likalia vizuri, likanipa moyo. Nikachota tena ndoo chache, nikaona maji yakishuka, moyo ukafa. Nilifungua kitabu changu cha atachimenti na kusoma maneno yangu mwenyewe, mwamba imara, na sahihi ya injinia chini yake. Kumbe alikuwa ameweka sahihi kwa kuniamini. Nikiongea, kitabu kile hakitafungwa kwa heri, na bila kitabu hakuna stashahada, na Kwa Vonza watu wanangoja. Nikinyamaza, Alhamisi wangemwaga zege, na mimi ningerudi chuoni na alama nzuri, kisha kila msimu wa mvua, popote nilipo, ningekuwa nasikiliza redio kwa hofu.

Mchana walinipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kijiko kilikataa kupanda.

Jumatano, kabla kazi haijaanza, mwenyekiti alinijia.

"Mwana wa Kitui, jana ulikataa muthokoi wangu. Mtu anayekataa muthokoi ama ni mgonjwa ama ameiba."

"Sijaiba, mwaitu."

"Basi u mgonjwa."

"Mwaitu, ule mwamba si mwamba."

Alicheka. Aliacha kucheka aliponitazama vizuri. Nikamwongoza hadi mtaroni, nikachota kishimo cha chini mbele yake. Alitazama maji ya juu yakishuka, akachutama, akatia kidole kwenye alama ya unyevu iliyobaki.

"Umemwambia injinia?"

"Bado."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Sasa naogopa na mimi. Twende tuogope watatu."

Injinia alikuwa ameshafika, akishusha mashine ya kuchanganyia zege. Nilimweleza mbele ya watu wote kwa sababu hakukuwa na pahali pa faragha. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Alishuka mtaroni, akajaribu ndoo mwenyewe, akapanda polepole.

"Nilikwambia upige kila hatua ngapi?"

"Moja."

"Ulipiga kila ngapi?"

"Tano."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusingizia jua. "Walikuwa wanapiga vigelegele," nikasema.

"Nikikikunja kitabu chako leo," alisema, "hakuna chuo kitakachokikunjua." Akawageukia wanawake. "Bamba litolewe. Tuchimbe mpaka tupate mwamba wa kweli, kama upo. Ni kazi ya siku mbili, watu wote. Mashine inaondoka Jumamosi jioni."

Kelele zikazuka.

"Siku mbili! Shamba langu sijapanda hata robo."

"Asimame kanisani tena. Safari hii aongee polepole."

"Mwamba wake ulikuwa wa Kitui, huko hata mawe yanajisifu!"

Walicheka, lakini cheko lile halikuwa na raha. Mwenyekiti aliinua jembe lake juu hadi wakanyamaza.

"Mto ulishapata siku zake kutoka kwetu," alisema. "Hizi mbili si za mto. Ni za huyu. Kila mtu ataje kazi aliyoiacha nyumbani, naye atairudisha kazi hiyohiyo, kwa mikono yake. Anayekataa kumkopesha aende akapande, hatumlaumu."

Hakuondoka hata mmoja. Walikuwa kumi na tisa. Mmoja alitaja kupanda ndengu, mwingine kufyeka miiba, mwingine kubeba samadi, mwingine kujenga upya zizi la mbuzi. Mwenyekiti alitaja mwisho: tuta la kuzuia mmomonyoko kwenye mteremko wake, hatua thelathini. Hakuna aliyeandika. Wote walinitazama usoni huku wakitaja, na niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Tulilipasua bamba kwa nyundo. Unene wake haukufika urefu wa mkono wangu, na kando yake kulikuwa na mapengo yaliyojaa mfinyanzi, ambamo chuma kingezama kama ningepiga kila hatua. Chini yake mchanga ulikuwa umelowa, laini, baridi. Nilikuwa mimi shimoni, kuta za mchanga zikitetemeka pande zote mbili kila nyundo ilipopigwa, na kila baada ya muda kipande kilianguka kikanifunika magoti. Ijumaa saa sita injinia akanipa chuma.

Nilipiga. Kikashuka bila sauti. Nikapiga, kikashuka. Nilihesabu alama zikizama moja baada ya nyingine na nikaanza kuomba kwa Kikamba, sala za utotoni, kwa sababu kama hakuna mwamba basi majuma mawili ya watu wale, na hizi siku mbili, yote yamekwenda na maji. Kisha kikalia.

Mtu mmoja akaanza kigelegele. Injinia akainua mkono. "Nyamazeni. Hatua moja."

Nilisogea hatua moja, nikapiga. Kikalia. Hatua moja tena. Hivyo hivyo hadi ukingoni, kisha safu ya pili, nikihesabu kwa sauti, na watu wamenyamaza kama wako matangani. Kililia kila mahali.

Zege likamwagwa Jumamosi. Jumapili nilisimama kanisani nikasema ukweli, bila kipaza sauti, nikaketi. Majuma mawili baadaye mafuriko ya kwanza yalikuja saa saba mchana, ya rangi ya udongo, yamebeba mti mzima. Nilishika kichaka kwa mikono miwili. Mti uligonga ukuta, ukageuka, ukapita juu. Maji yalipopungua ukuta ulikuwa pale pale, mchanga ukianza kulala nyuma yake.

Injinia alikifunga kitabu changu kwa sentensi moja: Alikosea, akasema kabla ya zege. Wahadhiri walinibana kwa maswali kwa muda mrefu, na utafiti wangu, wenye lile jaribio la ndoo mbili, ulipata alama ya juu kuliko wote darasani. Hilo najisifia, na nitaendelea kujisifia.

Deni nililirudisha kila likizo. Nilipanda ndengu, nikafyeka miiba, nikabeba samadi. Madeni ya wanawake kumi na wanane yalimalizika kabla sijahitimu. Mwenyekiti kila mara alisema bado. Alinisubiri hadi nilipokuwa na cheti na kazi yangu ya kwanza, kujenga madarasa mawili kijijini Tulia, huko Kitui, ndipo akanipigia simu: "Njoo na jembe lako. La kwangu limechoka."

Nilianza alfajiri. Kufikia adhuhuri wote kumi na wanane walikuwa wameketi juu ya mteremko wakitazama, maana kwenye mwethya deni haliishi mpaka mwenye siku aseme limeisha mbele ya wenzake. Nilipomaliza hatua thelathini, mwenyekiti alitembea juu ya tuta kutoka mwisho hadi mwisho, akisukuma udongo kwa kisigino. Katikati alisimama.

"Hapa maji yatavunja."

"Mwaitu, hapo pako sawa, mimi nina stashah—"

"Hapa maji yatavunja."

Nikainama, nikapachimba upya, nikiogopa kuliko nilivyowaogopa wahadhiri. Akapasukuma tena. Hapakutikisika. Akawageukia wenzake, akajifuta mikono kwa leso.

"Amemaliza," alisema. "Hatudai."